Fundi, kabla hujamwambia dogo mazabodi imekufa, RAM umeichomoa?

Juzi jioni kijana wa jirani kashuka kwenye bajaji hapo nje kapakata keisi ya kompyuta, kaifunga na shuka la kitandani, macho mekundu. "Kaka shikamoo, fundi kasema maza imekufa, nitafute nyingine." Maza ndiyo mazabodi, ile bodi kubwa inayochomekwa vipande vyote vya kompyuta, RAM (vile vipande vya kumbukumbu) ikiwemo.

Hiyo mashine kaijenga miezi minane kwa hela ya kufundisha tuisheni, anashuka Kariakoo mwisho wa mwezi ananunua kipande kimoja anarudi nacho, leo keisi, mwezi ujao pawa saplai, mazabodi ya B450 kapata iliyotumika, prosesa Ryzen 5 5600. Siku ya kuwasha feni zikazunguka vizuri tu ila kioo cheusi. Akaenda kwa fundi, akatoa elfu ishirini ya kuangaliwa, fundi akabonyeza kitufe mara mbili, akatazama monita, basi, maza imekufa. Skrubu hata moja hakugusa!

Jamani hii inaniuma. Siku hizi hata mtoto akichemka mwili hupewi dawa ya malaria mpaka apimwe, kila mzazi anajua, sasa kwa nini kompyuta ya mtu ihukumiwe kwa kutazamwa usoni? Kioo kuwa cheusi kuna sababu nyingi na nyingi kati ya hizo hazigharimu hata mia.

Tuliiweka chini sebuleni. Kwanza nikaangalia waya wa monita umechomekwa wapi, maana prosesa ya 5600 haina grafiki (sehemu ya kutoa picha) ndani yake (yenye nayo ni 5600G), ukichomeka HDMI kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi ya grafiki utakesha hapo, na prosesa za Intel zinazoishia na F kama 12400F ni hivyo hivyo, wauzaji semeni hilo kabla hamjapokea hela ya mtu. Waya wake ulikuwa kwenye kadi, sawa. Nikafuata waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane kule juu pembeni, wengi wanausahau na feni zinazunguka kama kawaida bila huo. Ulikuwepo.

Halafu nikamwambia awashe tuangalie vitaa. Mazabodi yake ina vitaa vinne vidogo pembeni, CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia), kinachobaki kinawaka ndipo penye shida. Kikabaki cha DRAM. Yaani maza iliyosemwa imekufa ilikuwa inataja yenyewe inapoumwa, na mtu aliyelipwa kuiangalia hakuiangalia.

Tukachomoa waya ukutani, tukashikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, tukatoa RAM zote mbili. Moja ilikuwa imeingia upande mmoja tu, mwingine umeinuka kidogo sana, ukitazama kwa juu huoni. Ya pili kwenye yale meno ya dhahabu ilikuwa na alama za vidole, mafuta kabisa. Nikachukua raba ya shule ya binti yangu, nikafuta taratibu, nikapuliza vumbi la raba likatoka lote. Tukarudisha moja peke yake, sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, nikamwambia kandamiza kwa vidole gumba viwili, akaogopa kuvunja bodi, nikamwambia kandamiza mpaka isikike. Tak. Tukawasha. Sekunde kama ishirini hakuna kitu, kijana kashika kichwa, halafu nembo ikatokea, kapiga kelele mpaka mama yake kaja kuuliza kuna nini. Ya pili tukaiweka sloti ya nne, ikasoma.

Haya, maza huwa zinafa kweli, na umeme wetu huu wa kukata na kurudi kwa kishindo unaziua, nakubali. Na B450 zilitoka 2018, ikiwa BIOS yake (programu ya ndani ya maza inayoiwasha) haijasasishwa haizitambui Ryzen za 5000 kama hiyo 5600, ila hiyo nayo inahitaji kusasishwa tu, sio kutupwa. Na wenye RAM mpya za DDR5, mkiwasha mara ya kwanza subirini, inaweza kuchukua dakika kadhaa inajipima RAM, msizime katikati. Najua pia fundi ana wateja kumi kwenye foleni na kodi ya fremu inamsubiri. Basi sema sijapima, rudi kesho. Mtu ataelewa. Lakini ukishatamka imekufa, kijana wa tuisheni anaanza kuhesabu miezi mingine ya kutafuta hela ya maza nyingine, na ile nzima anaiuza kama skrepa, au anamwachia fundi huyo huyo.

Mafundi wazuri wapo, na ninyi ndio mnaoharibiwa jina na watu hawa. Mteja akija, mwambie umejaribu nini na nini, umeona taa gani. Ndicho alicholipia.

Elfu ishirini yake bado iko kule. Jumamosi tunaenda wote kuidai, na mashine tunaibeba, ikawashwe mbele yake.