Lubumbashi: ghala ndiyo, tanuru hapana

Huko Vienna, Austria, matangi manne ya gesi ya karne ya 19 yaligeuzwa kuwa makazi mwaka 2001, kuta zake za matofali zikaachwa zilivyo. London nako watu wanaishi Battersea, kituo cha umeme kilichozimwa 1983. Picha hizo zikifika kwenye simu zetu hapa Lubumbashi, swali halikawii: na sisi je, na majengo yetu ya shaba chini ya lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo?

Wanaotaka yageuzwe makazi wana hoja nzito. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha. Jengo lisilo na mtu hapa kwetu halidumu. Mabati hutangulia, vyuma hufuata, kisha matofali, na asubuhi moja unakuta vigingi vya viwanja vipya. Jengo linalokaliwa angalau lina mwenye kulilinda.

Ila tuseme ukweli: watu wa hapa wanapenda lupangu, nyumba yenye uwanja wake. Ghorofa ya tano, mbabula, jiko letu la makaa, utaiwasha wapi? Umeme ukikatika, maji yatapandaje? Na msiba ukiingia, waombolezaji watakaa usiku kucha kwenye ngazi? Haya si mambo madogo. Mchoraji anayekopa ramani ya Ulaya bila kuacha uwanja wa pamoja chini atakuwa amejenga hoteli.

Halafu kuna kodi ya nyumba, inayotajwa kwa dola. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Kampuni iliyokuwa baba, yenye posho, shule na hospitali, ikawaaga kwa malipo ya mara moja. Watoto wao hawataimudu hiyo kodi. Watapita nje wakionyeshana dirisha la chumba ambamo baba alifanyia kazi.

Hata hayo yangetatulika. Linalonifanya nikatae tanuru ni udongo. Kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki uliusukuma moshi wa tanuru kuelekea eneo la Penga Penga, ardhi ikabaki na upara; shaba, risasi, kadimiamu na aseniki bado zimo. Mtoto anayetambaa hula vumbi, awe ghorofani au uani. Cape Town walifungua jumba la sanaa 2017 ndani ya ghala refu la nafaka. Lakini humo yalikuwa mahindi, si madini yaliyoyeyushwa.

Kwa hiyo tuanze na maghala ya kando ya reli, yaliyowahi kulaza magunia tu, na hata hayo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiyapime kwanza, majibu yabandikwe mlangoni. Anayeng'ang'ania tanuru atuambie jambo moja: udongo wenye sumu akishauchimba, malori yataumwaga wapi? Penga Penga tena?