Kumfungulia mfanyakazi wa Mechanical Turk: amri moja haitoshi

Kwenye Amazon Mechanical Turk, soko la mtandaoni la kazi ndogondogo, mtoa kazi humfungia mfanyakazi asifanye kazi zake kwa amri ya CreateWorkerBlock na kumfungulia kwa DeleteWorkerBlock. Hii ya pili inadai kitu kimoja tu, WorkerId. Sababu ni hiari. Wepesi huo ndio unaozua ubishi: programu iachiwe kufungulia watu kwa mkupuo, au kila mmoja akaguliwe na binadamu?

Wanaotetea mkupuo wana hoja nzito. Mara nyingi watu hufungiwa kwa mkupuo vilevile: swali la mtego la kupima umakini limewekewa jibu lisilo sahihi, programu ikawafungia wote waliojibu kwa usahihi. Kosa la namna hiyo halihitaji kikao. Amri ya ListWorkerBlocks hutoa hadi watu 100 waliofungiwa kwa ukurasa, pamoja na sababu iliyoandikwa siku ya kufungia. Fuata NextToken, alama ya ukurasa unaofuata, hadi kurasa ziishe, chuja kwa sababu, fungulia.

Wapinzani wanauliza sababu hizo ziliandikwaje. Kama kila mtu aliandikiwa “ubora mbaya”, tapeli aliyebandika jibu lilelile kwenye kazi mia hatofautiki na aliyeteleza mara moja. Hapo wako sahihi: chujio halina cha kuchuja, na hakuna njia ila kurudi kwenye majibu yenyewe.

Jihadhari pia na jibu la API, njia ambayo programu hutumia kutuma amri hizi. DeleteWorkerBlock hufaulu hata kwa mtu ambaye hakuwa amefungiwa. Ukisahau kuondoa kwenye programu anwani ya uwanja wa majaribio (sandbox), programu itakupongeza huku watu wangali wamefungiwa kwenye soko halisi. Thibitisha kwa kusoma orodha upya.

Kinachosahauliwa na pande zote mbili ni kwamba kufungulia hakufuti kazi zilizokataliwa. Malipo hayarudi, na asilimia ya kazi zilizokubaliwa, ambayo watoa kazi wengine huitumia kama kigezo, inabaki imeshuka. Dawa yake ni ApproveAssignment, amri ya kukubali kazi, yenye OverrideRejection inayotangua kukataliwa, kwa kazi zilizowasilishwa ndani ya siku 30 zilizopita, mradi HIT yake (kazi kama ilivyotangazwa sokoni) haijafutwa. Kwa hiyo anza na hili. Kufungulia kunaweza kusubiri, siku 30 hazisubiri.

Sababu ya kufungulia nayo haimfikii mfanyakazi. Mwandikie kwa NotifyWorkers, hadi watu 100 kwa mara moja, mradi uliwahi kukubali au kukataa kazi zao.

Na aliyetaka tu mtu asirudie utafiti uleule hakuhitaji kumfungia kabisa: angempa sifa maalumu, kisha kwenye HIT mpya akaweka sharti la DoesNotExist, yaani asiwe na sifa hiyo.