Mheshimiwa Akae Nyuma

Jumatatu iliyopita mvua ilinikuta katikati ya Leipzig, Ujerumani, nikitoka kazini, nikajibanza ndani ya Nikolaikirche. Kumbe ni saa kumi na moja jioni, saa ya sala za amani, ambazo kanisa hilo limekuwa likizifanya Jumatatu tangu 1982. Viti vingi vilikuwa vitupu. Nguzo za mle ndani zimechongwa makuti juu kabisa, ukiinua macho unajidanganya uko Malindi, ila baridi inakurudisha haraka. Mama mmoja akaombea wakimbizi, kijana akasoma Zaburi, tukaimba, tukatoka.

Hakuna aliyeitwa mbele "kusalimia waumini".

Pale nje nikawasha simu, nikakuta video kutoka kanisa letu nyumbani Kenya. Mheshimiwa ameshika maikrofoni, pasta amekaa pembeni akitabasamu kama bibi harusi. Mnajua yaliyofuata, sina haja ya kuwasimulia mambo ya bahasha. Nikaandika mawili matatu kwenye kundi la familia, kwamba mheshimiwa akae nyuma kama waumini wengine, na jibu likaja kabla sijafika kituo cha tramu: "Huyu naye ameonja theluji, sasa sisi ni washamba."

Jamani. Sijasema Wajerumani ni watakatifu. Huku Saksonia watu wengi hawana dini yoyote. Na enzi za Hitler walikuwepo wachungaji waliomshangilia mimbarini. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyempinga, alinyongwa Aprili 1945. Kwa hiyo sijaja kuwauzia Ujerumani. Nazungumzia kiti tu, na nani apewe maikrofoni.

Tarehe 9 Oktoba 1989, chama tawala cha Ujerumani Mashariki kilituma mamia ya wanachama wake Nikolaikirche mapema mchana wajaze viti, waombaji wakose pa kukaa. Mchungaji Christian Führer hakuwafukuza, maana tangazo la kanisa lenyewe lilisema liko wazi kwa wote. Aliwakaribisha vizuri, kisha akawaeleza kwamba roshani za juu amezifunga kwa sababu wafanyakazi wanatoka kazini jioni, na wao pia wanahitaji nafasi. (Kumwambia hivyo mtu wa chama cha wafanyakazi! Nacheka kila nikikumbuka.) Basi wakakaa, wakasikiliza "Heri maskini wa roho" kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyeombwa atoe neno la shukrani.

Jioni ile watu wapatao 70,000 waliandamana, wengi na mishumaa. Mshumaa una akili yake: mkono mmoja unaushika, wa pili unakinga upepo, wa kurusha jiwe haupo. Risasi hazikulia. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "Hayo ni ya wazungu, huku kwetu mambo ni tofauti." Tofauti wapi? Haikutimia hata miezi mitatu, tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya akasimama mimbarini Nairobi, akataja yaliyotokea Ulaya Mashariki na kuuliza utawala wa chama kimoja Afrika utadumu hadi lini. Agosti mwaka huohuo waziri alimwonya Askofu Alexander Muge asikanyage Busia. Akakanyaga. Akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori, akafa. Askofu Henry Okullu naye alisema wazi wakati wengi walikuwa kimya, wanahesabu vidole vyao kwenye mlolongo, ule uchaguzi wa kupanga foleni badala ya kura ya siri. Saba Saba ya 1997, siku ya maandamano ya kudai mageuzi, polisi waliingia kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakapiga watu mlemle ndani, Njoya akiwa mmoja wao.

Hao ni wetu. Ndiyo maana nakasirika! Laiti tungekuwa hatujawahi kuwa na kanisa lenye uti wa mgongo, ningenyamaza, nikale soseji zangu. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliposema hela za rais zilizotolewa kanisani Soweto, Nairobi, zirudishwe, nilipiga vigelegele jikoni peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

"Lakini makanisa ya huko yana pesa." Hapo mmenishika. Kila mwezi natozwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi yangu ya mapato, inakatwa hata sijaiona. Nanung'unika kama kawaida yangu. Ila kanisa lenye hiyo halingoji bahasha ya mtu. Ingawa, tukisema ukweli wote, serikali ile ya 1989 haikuwa ikiyakusanyia makanisa kodi hiyo, na bado Führer alijua la kuwaambia wageni wake.

Nilidhani nimeshinda hoja hadi mama aliponitumia sauti usiku:

"Mwanangu, nimesikia yote uliyosema, na huyo mchungaji wa mishumaa ni mtu wa Mungu. Lakini huku mvua imeanza, upande wa kwaya unavuja. Mheshimiwa ameahidi mabati sitini. Wewe umeahidi mangapi?"

Nimempigia fundi. Anasema geji 30, ile nyembamba, inatosha. Mama anasema 28.