Jirani zima taa, kuna mgeni katoka mbali

Jamani mtaa wetu mzima mimi ndo mtu pekee ninaeomba umeme ukatike. Sio utani. Wenzangu wakisikia friji imezima wanaguna, wanataja watu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi nipo chumbani natafuta kandambili haraka haraka natabasamu kama nimetumiwa hela. Mama watoto ameshagundua. Siku hizi umeme ukikatika haniulizi tochi ipo wapi, ananiuliza "umefurahi eeh?" halafu anaanza kuwataja samaki wake wa kwenye friza mmoja mmoja, changu, kibua, jodari, kama anasoma majina ya marehemu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kupiga picha galaksi, yale makundi ya mabilioni ya nyota huko mbali angani. Nilianza vizuri tu, nilinunua kamera ya mtumba Kariakoo nikiwa na akili zangu timamu, nipige harusi na kipaimara nipate hela ya ada. Harusi ya kwanza bwana harusi akatokea hana kichwa, ya pili sikuitwa. Kamera ikakaa kabatini mpaka usiku mmoja umeme umekatika sina la kufanya nikaielekeza juu nikaiacha wazi sekunde kumi hivi, kuja kuangalia kioo, nyota zimejaa kama mtama uliomwagika. Ningejua ningelala.

Sasa nisikilizeni niwaambie kinachoniuma. Galaksi ya Andromeda ipo mbali, mwanga wake unatembea miaka milioni 2.5 mpaka utufikie. Yule Zinjanthropus wetu wa Olduvai, aliyeokotwa fuvu lake mwaka 1959, ana kama miaka milioni 1.75, yani mwanga unafunga mizigo kuanza safari hata Zinja mwenyewe bado hajazaliwa. Umekuja, umekuja, haujagonga jiwe, haujasimamishwa na trafiki, haujadaiwa leseni, umefika Tanzania, umefika Dar, umefika Chanika, umebakiza mita ishirini tu uingie kwenye lensi yangu, unakutana na taa ya LED ya jirani.

Na taa yenyewe inalinda nini? Ndoo mbili, baiskeli isiyo na tairi la mbele na mbuzi ambaye hata yeye nahisi halali vizuri, kuna mwanga pale unaweza kushona nguo. Nilimfuata kistaarabu, nikamwambia kaka, naomba unizimie saa mbili tu. Akasema wezi. Nikamwambia kaka mimi usiku kucha nipo macho uani, nitakulindia. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, kesho yake akafunga taa ya pili.

Nilihamia Chanika kwa hiari yangu nikijua huku kuna giza. Lakini ukisimama uani kwangu mji upo kaskazini mashariki, usiku unaona kule kumeng'aa kama kuna moto, na Andromeda anga lote hili na upana wake imeamua kuchomozea kaskazini mashariki. Inachomozea Kariakoo! Inabidi niisubiri ijivute mpaka juu kidogo, na hata ikifika juu kabisa Novemba saa tatu usiku inakuwa digrii 42 tu upande wa kaskazini, nusu ya anga haifiki.

Hii Andromeda imeshanitia matatani. Niliweka kikumbusho kwenye simu, "Andromeda J'mosi saa 3 usiku USIKOSE", mama watoto akakiona kabla yangu. Kikao kilikaa hapo hapo, shangazi akapigiwa simu awekwe kwenye spika. Nikasema sio mtu jamani ni galaksi, njoo nje nikuonyeshe. Tukatoka. Nikanyosha kidole, ile pale. Akaangalia. "Pale wapi?" Pale, kulia kwa mwembe. "Sioni kitu." Na kweli haionekani! Kwenye giza la kijijini unaiona kwa macho makavu, ila kwangu kwa taa za yule bwana haionekani, nimesimama pale namuonyesha mke wangu anga tupu nasema ndo huyo Andromeda, shangazi kwenye spika anauliza "kakuonyesha?" anajibiwa "hamna kitu shangazi".

Tuache hayo. Mnajua kwa nini haitoshi kubonyeza tu? Dunia inazunguka, digrii 15 kila saa. Ukiacha kamera imetulia na lensi ya milimita 200 kama yangu, sekunde mbili tatu nyota zimeshakuwa mchele, sekunde ishirini dagaa, dakika moja tambi. Kwa hiyo unahitaji traka, kimashine cha kuzungusha kamera taratibu ifuatane na nyota. Shemeji akaniletea kutoka Dubai, nikalipia kwa awamu, bado naendelea kulipa. Nikafungua kijitabu cha maelekezo, hatua ya kwanza: tafuta Nyota ya Kaskazini uilenge, maana anga lote linaonekana kuizunguka hiyo.

Nyota ya Kaskazini! Sisi tupo kusini ya ikweta digrii karibu saba, hiyo nyota kwetu ipo chini ya ardhi, niifukue na jembe? Ukurasa mzima wa picha za mzungu kavaa koti zito anailenga anacheka. Chini kabisa kwa herufi za mchwa wameandika kama upo kusini tumia Sigma Octantis. Hiyo nayo ni nyota ya aibu, imefifia kiasi kwamba hata kwenye giza zuri unaibahatisha, halafu ipo digrii saba tu juu ya ardhi. Nyosha mkono ukunje ngumi, ngumi yako ni kama digrii kumi, basi haifiki hata hapo. Kwangu kwenye hiyo ngumi kuna tenki la maji la jirani wa nyuma. Lita elfu mbili. Kwa hiyo nalenga tenki. Nina dira, nina programu ya simu ya kupima mwinamo, nalenga tenki pale katikati ya maandishi, napiga picha naangalia nyota zimevutika kwenda wapi, nasogeza kidogo, napiga tena, saa nzima inaishia hapo na mbu wananila kwa zamu.

Na majira nayo hayanitaki. Andromeda inakaa vizuri Oktoba mpaka Desemba, ndo vuli hiyo. Sombrero, ile galaksi kama kofia, inapita utosini kabisa huku kwetu, wazungu wangelipa hela kuipata juu vile, inapita Aprili na Mei. Centaurus A, galaksi nyingine hiyo, hivyo hivyo Aprili na Mei. Masika! Mvua inamwagika mpaka daraja limeondoka mimi nipo dirishani nahesabu galaksi zinazonipita juu ya bati. Likija anga safi ukaangalia kalenda ni mbalamwezi, kila mtu kaweka mkeka nje anasema usiku mzuri, mzuri kwa nani? Wazee walikuwa na akili, walikiangalia Kilimia, kile kikundi cha nyota, wakajua ni wakati wa kulima, wakaingia ndani wakalala.

Kuna siku moja tu kwa mwaka naheshimika, ishirini na tisa Shaabani. Siku hiyo hata yule wa taa anakuja kanzu imepigwa pasi, "Ustadh, tuangalizie mwezi". Ghafla nimekuwa Ustadh. Nikamuuliza na taa? Akasema kwa leo nitazima. Kumbe swichi anaijua ilipo! Na mwezi wenyewe siku hiyo wingu lilitanda.

Hapo sijataja umande. Hewa ya Dar usiku ni kama supu, saa tano lensi imeshatoa jasho, picha zote zinaonekana zimepigwa kupitia dirisha la bafuni. Dawa yake ni kuipasha lensi joto kidogo, kuna mikanda maalumu ya umeme, bei yake nikaiangalia nikafunga simu. Nikatumia ya kienyeji, mchele wa moto ndani ya soksi unaufunga kwenye lensi. Inafanya kazi vizuri sana. Mama watoto akanikuta jikoni.

"Unakaanga mchele?"

"Naupasha."

"Wa Kyela?"

"Kidogo tu."

"Halafu unauvalisha soksi."

Nikikaa kimya huwa anaondoka, siku ile hakuondoka.

Halafu likaja la mjumbe. Macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza, ukiwasha taa nyeupe umeharibu unaanza upya, ndo maana tunatumia tochi nyekundu. Basi nipo uani saa nane usiku, taa nyekundu kwenye paji la uso, nimejifunga shuka kwa ajili ya mbu, nimeinama kwenye stendi ya kamera naongea na traka taratibu, "tulia mama, tulia hapo hapo". Nikasikia ukuta unakohoa. Mjumbe na vijana wawili wa ulinzi shirikishi, kijana mmoja rungu kalishika ila yupo nyuma ya mwenzake.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha galaksi mzee."

"Galaksi ipi, ile Samsung?"

Nikaona nikianza kueleza itakuwa asubuhi. Nikasema ndio mzee. "Sasa Galaxy si inapiga yenyewe?" Wakaondoka wanaangalia nyuma. Tangu siku hiyo mama wa chapati akinirudishia chenji anaiweka mezani, hanipi mkononi.

Basi mwezi uliopita ikafika siku yangu. Mwezi haupo, mvua imenyesha mchana imesafisha vumbi, saa mbili na nusu usiku, tap, giza. Mtaa mzima "aaaah!" Mimi nikasema Alhamdulillah, nilikusudia moyoni ikatoka kwa sauti. Taa za jirani chali. Mbuzi akalala papo hapo, nilimsikia. Nikatoka na stendi, traka, soksi, powabenki, na jamani nikainua kichwa nikaiona. Kwa macho yangu. Kiwingu kidogo, kama mtu kapumulia kioo.

Nikaanza, picha za dakika moja moja. Unapiga nyingi, programu inazipanga zote juu ya mwenzake, yale machenga ya kamera yanafutana, kile kilichopo kweli kinabaki. Unatakiwa pia upige picha za giza tupu lensi ukiwa umeifunika, makusudi, ili programu ijue kamera yako yenyewe ina kasoro zipi. Mwanangu wa darasa la tatu alishawahi kuzikuta kwenye laptopu, ishirini, nyeusi tii. Akanionea huruma, "Baba, hukutoa mfuniko." Na nyingine unafunika lensi na fulana nyeupe unapiga fulana. Kwa hiyo nina picha ishirini za mfuniko na ishirini za fulana, mama watoto anauliza galaksi yenyewe ziko ngapi.

Siku hiyo nililenga mia moja. Picha ya kumi safi. Ya ishirini safi. Ya thelathini ndege inashuka uwanjani ikakatiza katikati na mataa yake, sawa, hiyo tutaitoa. Ya arobaini safi, nimeketi kwenye ndoo natetemeka kwa furaha. Ya arobaini na moja inaendelea nikasikia kwa mbali watoto, ule mlio mnaoujua, unaanzia mitaa ya chini unapanda kama wimbi, "Uuuumeeeme umeruuudiii!" Nikasema hapana. Nikainuka nikanyosha mikono kama golikipa, sijui nilitaka kuzuia nini. Taa mbili za LED zikaniwakia usoni. Nyumba nzima wanashangilia, friji inaunguruma, mama watoto anawasalimia samaki, mimi nimesimama uani na shuka na mchele wa soksi.

Nikakaa na laptopu siku tatu. Nimetoa mbovu zimebaki 37. Siril, ndo ile programu ya kupanga picha, inachakata mpaka feni inalia, navuta mwanga huku, napunguza rangi ya chungwa ya mji kule, mwisho wa siku ikatokea, doa la kijivu limelala mshazari kwenye weusi, katikati pana king'aro. Mwaka 964 kule Uajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika kwenye kitabu chake cha nyota, akaiita wingu dogo. Hana kamera, hana traka, hana deni kwa shemeji. Mimi na yote haya nimepata wingu dogo lile lile, na la kwake nadhani lilikuwa safi zaidi maana hakuwa na jirani.

Ila ni langu. Nikalituma kwenye grupu la familia bila maneno, kwa majivuno tu, nikaweka simu chini kama mtu ambae hajali. Wa kwanza kujibu mama mkwe, yupo Muheza, kwa sauti, anahema kwa furaha: "Maashallah, maashallah wanangu, hongereni sana. Ina muda gani?"

Nikasema hatimaye kuna mtu kwenye ukoo huu anauliza swali la maana. Nikaandika: miaka milioni mbili na nusu mama.

Grupu likanyamaza. Halafu shemeji wa Dubai akaandika "hiyo si utrasaundi?" Halafu nikasikia mama watoto chumbani anaita jina langu lote, na la baba yangu, na la babu.

Kueleza nimeeleza, lakini mama mkwe alishatangaza Muheza nzima. Jumatatu nimepigiwa simu na kondakta niende stendi ya Mbezi kuna mzigo, kuku wanne na pilipili manga ya uji wa mzazi. Mama watoto kapokea mzigo, mimi hajanipokea mpaka leo. Kuku nimewaacha uani, banda sina. Jogoo kachagua kulala juu ya stendi ya kamera, nimemshusha mara tatu kapanda mara nne, sasa nimemuacha, maana nilipopima na dira nimekuta kaelekea kusini sawasawa, katikati ya tenki.