Pedi za Shule Zisifungiwe Ofisini

Mpwa wangu amenieleza utaratibu wa kupata pedi shuleni kwao, na tangu hapo nina hasira. Pedi zipo, tena za bure, zimenunuliwa kwa fedha za umma. Zimo kabatini ofisini. Msichana akizihitaji anaomba ruhusa mbele ya darasa zima, anakwenda kubisha hodi, anaeleza shida yake kwa mwalimu yeyote atakayemkuta, kisha anaandika jina lake kwenye daftari na kutia sahihi. Mwenye ufunguo akiwa hayupo, anarudi darasani vilevile, kajifunga sweta kiunoni.

Mtoto wa miaka 12 anayehisi damu inashuka hawezi kuvuka vizingiti vyote hivyo. Atang'ang'ania dawati mpaka wenzake waondoke. Mwalimu akimwita ubaoni atasema hajui jibu, na jibu analijua.

Kumwambia ajiandae mapema ni kumwonea. Miaka ya mwanzo hedhi haina kalenda: mzunguko unaweza kuwa siku 21, mwingine ukafika 45. Na ile pakiti moja ya pedi 8 anayotengewa kila msichana kwa mwezi, aliyeipanga alipiga hesabu gani? Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 8, kutegemea wingi wa damu. Anayetokwa damu siku 5 na kubadilisha mara 4 kwa siku anahitaji pedi 20. Zile 8 zinamwishia siku ya pili. Baada ya hapo ni matambara, au kukaa na pedi moja kutwa nzima hadi ngozi ichubuke.

Sheria nzuri zipo. Kenya ilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2017, ikaibebesha serikali jukumu la kumpa kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma taulo za kike (yaani pedi) za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Uskoti ilipitisha yake mwaka 2020, na hiyo ndiyo naipenda zaidi, maana inataka bidhaa hizi zipatikane kwa urahisi, kwa namna inayolinda heshima ya anayezichukua.

Basi wekeni pedi chooni. Choo cha wasichana, ndani ya mlango, kwenye kisanduku kisicho na kufuli, na kando yake maji, sabuni na ndoo yenye kifuniko. Najua mtaniambia watabeba nyingi wapeleke nyumbani. Wapeleke! Anayeondoka na pedi tatu ana usiku mbele yake, ana Jumamosi na Jumapili, pengine ana dada aliyeacha shule ambaye hakuna anayemkumbuka. Mtaniambia pia wakaguzi wanataka hesabu. Nakubali, fedha za umma lazima zihesabiwe. Hesabuni maboksi yanayoingia shuleni na yanayofika chooni. Majina ya watoto na tarehe zao za hedhi hayamhusu mkaguzi, wala hayapaswi kulala kwenye daftari ambalo kila anayeingia ofisini anaweza kulifunua.

Wanaopinga mpango wenyewe wa pedi za bure hupenda kutaja utafiti wa wachumi Emily Oster na Rebecca Thornton, uliofanyika Nepal na kuchapishwa mwaka 2011. Uliona kwamba wasichana walikosa shule kwa nadra sana kwa sababu ya hedhi, na kuwapa vikombe vya hedhi, yaani vikombe laini vinavyovaliwa ukeni kukinga damu, hakukuongeza mahudhurio. Sawa, naupokea, ingawa ni wa eneo moja tu. Lakini rejista inaonyesha nani yuko darasani. Haionyeshi nani ameketi juu ya sweta lililokunjwa, hasikii hata neno moja la somo.

Wavulana nao wafundishwe, kwa sababu kicheko chao ndicho kinachowafanya wengi waogope hata kusimama.

Na kabla kamati ya shule haijanunua kisanduku, ikae na wasichana wenyewe walau nusu saa. Wao ndio wanaojua choo kipi hakina komeo, kipi maji hukatika saa sita, na njia ipi ya kwenda huko inapita mbele ya madirisha ya wavulana.