Mgeni wa Heshima

Kitabu changu cha safari za mbugani kilipotoka mtamboni, niliamua kukizindua nyumbani, hapa Mwanza, kwa ngoma ya Kisukuma. Ukumbi wa hoteli ningeulipia na nini? Zile nakala 200 zenyewe zilikuwa za mkopo.

Nikampigia simu manju mmoja wa Kisesa. Tukaelewana bei. Mwishoni akauliza, "Na yule mkubwa tuje naye?"

"Njooni naye, mzee wangu."

"Ni mpole. Ila daladala wanamkataa, utuongezee hela ya bajaji."

Nikamwonea huruma. Nikamwambia mama watoto amtengee sahani, sato mzima na ugali, pamoja na kiti chenye mto, ubavuni mwa mama mkwe.

Siku yenyewe watu walijaa hadi chini ya mwembe. Nikawasomea sura ninayoipenda, ile ya Serengeti, tulipofumaniwa na simba jike tukibadilisha tairi. Nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji: "Mnyama usimkimbie. Simama, mtazame, rudi nyuma taratibu." Makofi! Mama mkwe, ambaye tangu nimuoe binti yake huuliza kazi yangu hasa ni ipi, akapiga kigelegele.

Bugobogobo ikaanza, majembe yakarushwa juu na kudakwa. Kisha vijana wawili wakaingia na gunia, wakalitua pale pale kwenye mto. Manju akafungua kamba.

Chatu. Mnene kama paja langu.

Najua chatu hana sumu. Nimeandika mwenyewe, ukurasa wa 58. Najua pia Wasukuma wanacheza naye tangu enzi za mababu. Lakini miguu yangu haikuwa imesoma kitabu. Nilipanda meza, nikakanyaga nakala zangu, zikateleza, nikatua kwenye sinia la pilau. Nilipopata fahamu nilikuwa jikoni, komeo nimeshalitia, na shemeji zangu wawili wanagonga mlango wakiomba kuokolewa.

Nikachungulia dirishani. Mama mkwe amejitanda chatu mabegani kama kanga, anacheza. Watoto wamejipanga, wanaimba: "Simama! Mtazame! Rudi taratibu!"

Mke wangu akasogea dirishani, hata kucheka hacheki.

"Baba Neema, sahani ya mgeni wako iko humo humo. Unamletea mwenyewe, au nimwambie aingie?"