Kura ya Kwanza Hupigwa Shuleni

Nilikuwa darasa la saba tulipochagua kiranja mkuu. Mwalimu wa zamu alitupanga uwanjani, kila mtoto nyuma ya mgombea wake. Mlolongo wangu, wa msichana mmoja mpole, ulifika hadi kwenye mifereji ya maji. Wa mvulana aliyeshindana naye haukuvuka mlingoti wa bendera. Jumatatu asubuhi, gwarideni, akatangazwa mvulana. Hakuna aliyeuliza. Tulipiga makofi.

Wazazi wetu walikuwa wameshayaona hayo mwaka 1988, KANU, chama tawala wakati huo, ilipoteua wagombea ubunge kwa mlolongo na mahali kadhaa mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Watu wazima walinyamaza, na sisi watoto tukajifunza kunyamaza.

Kila nikisikia watu redioni wakisema vijana wa Kenya hawajali siasa, nakumbuka uwanja ule. Katika uchaguzi wa 2022, wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 ya wapiga kura milioni 22.1 walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na 2017. Wengi waliuita uvivu. Mimi nakataa. Mtu aliyepiga kura tangu utotoni na kuona haibadilishi kitu, akiamua kutojisumbua, amepiga hesabu yake.

Mpwa wangu, aliyefikisha umri wa kupiga kura baada ya uchaguzi huo, alifikiri kama hao. Ana kitambulisho, lakini kujiandikisha hakutaka hata kukusikia. Mamake ana kibanda cha chai na huuza mkate kwa vipande. Juni 2024 nilimkuta binti huyo amejikunyata kwenye kochi, simu mkononi, akisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. "Anti, wanataka kuweka VAT asilimia 16 kwa mkate," akaniambia, kisha akachukua kalamu na kunihesabia kipande kimoja cha mamake kingeuzwa pesa ngapi. Wenzake walikuwa wakiueleza mswada huo TikTok, wengine wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani. Katika maisha yangu yote sijawahi kusoma mswada wa fedha. Yeye aliusoma kwa siku tatu.

Serikali iliondoa pendekezo la kodi ya mkate Juni 18. Juni 25 vijana walioandamana kuupinga mswada waliingia Bunge, na wengine wakapigwa risasi barabarani. Kesho yake Rais akasema hatautia saini mswada huo. Mpwa wangu alirudi nyumbani macho mekundu kwa gesi ya kutoa machozi, akalala na viatu. Yeye alirudi. Kuna akina mama ambao watoto wao hawakurudi, na siwezi kuandika habari hii nikawapita.

Sasa huyu ndiye tunayetaka ajiandikishe kabla ya Agosti 2027. Chuoni kwake wanafunzi hawamchagui kiongozi wao moja kwa moja: sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa 2016, na tangu hapo wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua viongozi. Katiba inamwamini amchague Rais, chuo hakimwamini amchague mwenyekiti wa wanafunzi. Nasema wazi, mfumo huo uondolewe.

Lililompa moyo mwaka 2022, ijapokuwa hakuwa amefikisha umri wa kupiga kura, ni Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za urais katika kila kituo. Matokeo ya kila kituo yalibandikwa mlangoni, kisha tume ya uchaguzi ikaziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mtu ajijumlishie. Alikesha akijumlisha za kaunti yetu kwenye daftari la hisabati. Hakuamini tangazo la mtu, aliamini hesabu aliyoifanya mwenyewe.

Ndiyo maana, kwenye mkutano wa wazazi muhula huu, niliomba jambo dogo: kura za viranja zihesabiwe mbele ya watoto, na matokeo yabandikwe ubaoni, jina na idadi. Mzazi mmoja alicheka. Mwingine akasema watoto watajifunza fujo. Mwalimu mkuu aliandika ombi langu kwenye kitabu chake na kusema litafikiriwa. Viranja walitangazwa wiki mbili baadaye, gwarideni, na mwanangu akaniambia hajui nani alipata kura ngapi. Muhula ujao nitauliza tena.